Ploti Niliyoikataa

Mwenye nyumba alikuja baada ya sala ya alasiri. Alivua viatu mlangoni kama alivyozoea alipokuwa mwanafunzi wangu, akaacha kiti nilichomsogezea na kuketi mkekani. Akaniuliza habari za magoti, habari za macho, habari za mvua ambayo sote wawili tulijua haijanyesha. Halafu akaniuliza tena habari za magoti. Hapo nikajua ana neno zito, nikamwachia nafasi alitafute.

Alilifikia chai ikiwa imeshapoa. Nyumba ya mabati ninayokaa itabomolewa. Benki imemkubalia mkopo, na mahali pake atajenga ghorofa tatu za kupangisha, zenye vigae, maji ndani ya nyumba na mita ya stima kwa kila mpangaji.

"Chumba kimoja cha chini nimekuwekea, maalim," alisema. "Wengine watalipa bei ya soko. Wewe utalipa nusu."

Nikamuuliza nusu hiyo ni kiasi gani. Aliitaja huku akivuta uzi uliochomoza kwenye mkeka. Ilikuwa zaidi ya yote ninayopata kwa mwezi mzima.

Nilimshukuru, na sikusema hivyo kwa kejeli. Angeweza kumtuma wakala na karatasi, kama wanavyofanya wengi siku hizi. Alikuja mwenyewe, akaketi chini, akaona haya. Nilimlea mimi huyu, na haya yake ilinifurahisha hata pale aliponiondolea paa.

Mimi si mzaliwa wa hapa Isiolo, wala si Mkenya. Nilizaliwa upande wa Kondoa, Tanzania, na nilikuja nikiwa na miaka ishirini na saba, pamoja na mke wangu, baada ya rafiki niliyesoma naye chuoni kuniandikia kwamba msikiti wa kwao unatafuta mwalimu wa Kurani. Nilikusudia kukaa miaka miwili. Sasa nimetimiza sabini. Hatukujaliwa watoto. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya mji huu. Tangu siku ile haja yangu ya dunia imebaki moja: nami nife hapa, nizikwe karibu naye. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba ardhi ni ya Mungu popote ilipo, na kwamba maiti huzikwa alikofia. Nayaamini hayo. Lakini kila Ijumaa nikitoka msikitini miguu yangu hunipeleka kwake bila kuniuliza.

Tulipokuja, maisha ya hapa yalikuwa rahisi kiasi ambacho nikikieleza leo vijana hudhani naongeza chumvi. Kiwanjani palikuwa na njia ya ndege ya vumbi, na mbuzi walikatisha juu yake wakienda malishoni. Nyumba zilikuwa chache na uwazi ulikuwa mwingi. Kamati ya msikiti ilinipa posho ndogo, na posho hiyo ilitosha unga, sukari, mafuta ya taa na kitu cha kuwatumia wazazi wangu. Nyama tuliletewa. Maziwa hatukuyanunua hata siku moja. Mtu kumuuzia maalim maziwa lilikuwa jambo la aibu. Mke wangu, ambaye alijifunza Kiborana, lugha ya wenyeji wetu, haraka kuliko mimi, alikuwa akiwaandikia ndugu zake kwamba tumefika katika nchi ya watu wanaotoa kabla hujaomba.

Sisi wageni hatukuwa peke yetu. Geti la pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja Mzungu, muuguzi mstaafu, Mkristo, aliyekuja kufanya kazi miaka mingi iliyopita na kuamua asirudi kwao. Alikuwa akisema kwamba kwao pensheni yake isingetosha hata kupasha nyumba joto, lakini hapa anakula vizuri, anamsomesha binti wa jirani na bado anabaki na ya kununulia mbegu za maua ambazo hazikuota kamwe. Alimtania mke wangu kwamba wao wawili ni matajiri wa mtaa. Tulicheka, kwa sababu kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Katika miaka ile ndipo nilipofanya jambo ninalolikumbuka kila siku sasa.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, mtu mkarimu, baba wa huyu mwenye nyumba wangu. Nilimfundishia wana watatu, na wote watatu wakahitimu Kurani. Ni desturi mtoto akihitimu, mzazi humpa maalim zawadi. Yule mzee alinishika mkono akanileta pale pale iliposimama baadaye nyumba yangu ya mabati. Alikuwa ameshaweka mawe manne kwenye pembe nne. Akasema, "Ndani ya haya mawe ni pako. Jenga, upande, ulale. Watu wasiseme maalim wetu ni mpangaji."

Nilikataa.

Mwalimu wangu kule nyumbani alikuwa mkali katika jambo moja. Alitufundisha kwamba anayefundisha neno la Mungu anaweza kula anachopewa ili apate nguvu za kufundisha, lakini asijilimbikizie mali kwa neno hilo. Chakula huisha, ardhi hubaki. Nilimweleza mzee hivyo, kwa ufasaha mwingi na kwa aya zake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwao, kukataa unachopewa mkononi ni kama kumpiga mtu kofi, na niliona uso wake ukibadilika. Lakini alikuwa mtu wa subira. Akasema basi, kama ni chakula tu unachokubali, nitakupa kwa desturi yetu. Akanikopesha mbuzi wawili wa maziwa. Katika desturi hiyo mbuzi si wako; maziwa ni yako, na watoto wa mbuzi wakikua hurudi kwa mwenyewe. Mbuzi akikauka, unaletewa mwingine. Nikaona hilo linafaa kabisa. Kunywa bila kumiliki. Nilijiona mtu safi sana siku ile.

Kwenye ile ploti mzee akajenga nyumba ya mabati ya vyumba viwili, akanipangisha kwa kodi ndogo mno, akisema angalau hiyo nisimkatalie. Miezi mingine alikuwa akiirudisha kodi hiyo ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa sukari.

Mke wangu hakusema kitu mbele ya watu. Kesho yake, akichambua mchele, aliniuliza bila kuinua macho, "Mungu akikupa kwa mkono wa mtu, nawe ukaukataa ule mkono, umemkatalia nani?"

Nilimjibu kwa somo refu. Aliusikiliza mchele zaidi kuliko alivyonisikiliza mimi. Hakuliuliza tena swali hilo hadi alipokufa.

Siwezi kusema ni mwaka gani mambo yaligeuka. Barabara ya lami iliendelea kaskazini. Njia ya ndege ikawekwa lami na kuzungushiwa ua. Watu wa mbali walianza kuja na magari meupe, wakiuliza hati za ardhi, na uwazi wote tuliouona tulipofika ukapata wenyewe. Bei ya ploti ilipopanda, kodi ikafuata, na maji, na mkate. Yule mzee alifariki, mbuzi wa mwisho akakauka mwaka wa ukame na hakuletwa mwingine. Sikuona vibaya. Wanawe walikuwa wameshaacha mifugo. Nani angemkopesha nani mbuzi?

Nikaanza kununua maziwa. Kuna mama anayeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara, yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na mama yake ndiye aliyekuwa akituletea bure zamani. Siku moja nilifika nikakuta madumu yote ya manjano yameshafungwa kamba juu ya basi.

"Maalim, hii maziwa imesoma," aliniambia. "Haikai tena Isiolo. Inataka Nairobi."

"Na sisi ambao hatukusoma tunywe nini?"

"Nyinyi kunyweni strungi," alisema, akacheka, na watu waliokuwa pale wakacheka pamoja naye, nami pia. Strungi ni chai isiyo na maziwa. Halafu akanikingia kikombe cha maziwa yaliyobaki kibuyuni, akakataa pesa. Lakini safari iliyofuata alizipokea, na aliziomba kwa upole akitazama pembeni. Yeye naye ana kodi ya kulipa.

Yule mama muuguzi ndiye aliyetangulia kuondoka. Pensheni yake haikupungua hata senti moja, ila kila mwaka ilinunua kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na ada ya kibali chake cha kukaa ikawa nzito. Alianza kwa kuacha mbegu za maua, kisha nyama, kisha dawa moja kati ya mbili. Alipokuja kuniaga aliniachia pipa lake la maji la buluu. "Hakuna mtu aliyenifukuza," alisema. "Wote wananiambia baki. Ni bei tu." Alikwenda kukaa kwenye chumba cha nyuma kwa mpwa wake, katika nchi yenye baridi ambamo hakuwa ameishi tangu ujanani. Nilimwombea, kisha nikajiambia kwamba mimi ni tofauti, mimi ni maalim, nina watu.

Na kweli ninao. Baada ya mwenye nyumba kuniletea habari ile, wanafunzi wangu wa zamani walizunguka mji mzima kunitafutia chumba. Vilivyopatikana ama vilikuwa na bei ile ile, ama viko juu ya ngazi ambazo magoti yangu hayaziwezi. Kamati ya msikiti ilikaa kikao. Posho yangu ni ile ile, na sasa inagawanywa kati yangu na maalim kijana anayefundisha, mwenye watoto wanne. Mzee mmoja alipendekeza yule kijana apunguziwe ili mimi niongezewe. Nilisimama nikaomba neno hilo lisiandikwe.

Ndipo mwanafunzi wangu mmoja mwenye kiduka katika kijiji cha Kulamawe aliposikia. Akapiga simu akasema, "Maalim, mji umeshinda watu. Njoo huku kwetu. Nitakujengea kibanda, utafundisha watoto wetu, kodi hakuna." Nilifurahi sana. Kulamawe si mwendo wa siku nzima kwa gari. Nikifa kule, nilijiambia, watanirudisha mjini kunizika. Nikapanda gari la mizigo nikiwa na msahafu na kanzu mbili, kwenda kupaona.

Walinipokea kama baba. Mke wake alinitandikia godoro lao. Kisha akaleta kikombe cha maziwa, akanipa kwa mikono miwili.

Katika nyumba zile mgeni hunywa kwanza, na watoto hunywa anachobakiza. Nimeijua desturi hiyo kwa miaka arubaini na mitatu, na zamani sikuitilia maanani, kwa sababu nyuma ya kikombe cha mgeni kulikuwa na kibuyu kizima. Siku ile sikusikia kibuyu kikitikiswa. Watoto watano walikuwa wamekaa ukutani, wametulia kama watoto waliolelewa vizuri wanavyotulia, wakitazama kikombe. Hawakunitazama mimi. Nilionja nikakirudisha. Mama akakirudisha kwangu. Nikasema nimeshiba. Akasema maalim wa mume wangu hawezi kushiba kwa kuonja, na akakishikilia pale mpaka nikanywa nusu.

Nilikaa siku nne. Malisho yalikuwa yameisha, mifugo yao imepelekwa mbali, na pale nyumbani alibaki mbuzi mmoja tu mwenye maziwa. Maji yaliletwa kwa lori na kuuzwa kwa mtungi. Duka la mwanafunzi wangu lilikuwa na rafu tatu, mbili zikiwa tupu. Alinieleza kwamba unga ukipanda mjini, kwake hupanda mara mbili kwa sababu ya barabara. Kila asubuhi na kila jioni kikombe kilikuja kwanza kwangu. Watoto walipewa strungi, na yule mdogo kabisa hakuizoea. Aliiweka chini na kulia polepole.

Siku ya nne nikamwambia mwanafunzi wangu kwamba nitarudi mjini.

"Umechukia nini kwetu, maalim?"

"Sijachukia kitu. Nimekunywa maziwa ya watoto wako siku nne."

"Usiyahesabu. Wewe ulitulisha kitu kikubwa kuliko maziwa."

"Kwa hiyo niyanywe mpaka nife?"

Alisukumasukuma jiwe kwa mguu. Yeye hana uwezo wa kuivunja desturi, maana mgeni akinywa mwisho nyumbani kwake atakuwa amedhalilika mbele ya watu wake wote. Nami sikuwa na uwezo wa kuendelea kuyanywa maziwa yale. Nilimwambia nimesahau dawa zangu za presha mjini, ili apate la kumwambia mkewe. Mkewe alinifungia mikate laini ya anjera kwenye karatasi, na katika chupa ndogo akanitilia maziwa ya asubuhi ile. Nilimpa mama mmoja garini aliyekuwa na mtoto.

Nikiwa njiani niliamua kufanya nilichokuwa nikikikwepa. Nilikwenda kwa mwenye nyumba wangu, dukani kwake, nikamwomba tuzungumze peke yetu. Nilimwambia sihitaji chumba chenye vigae. Nilimwomba kona ya nyuma ya ploti, upana wa mkeka na nusu, niegemeze mabati yangu ukutani mwa ghorofa lake kwa siku zilizobaki. Sikuwahi kumwomba mtu kitu katika mji huu. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama wa mtoto anayeanza alifu.

Alifunga droo ya pesa, akakaa.

"Baba alitusimulia ulivyoikataa hii ploti," alisema. "Sisi watoto tulijivuna nayo. Wakitutania shuleni tulikuwa tunasema, maalim wa wengine huomba, wetu alipewa akakataa."

"Nilikataa, ndiyo."

"Ungeichukua wakati ule, maalim, leo mimi ningekuwa nakuomba wewe." Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hati iko benki. Michoro imepitishwa, na wamepima mpaka kwenye ua. Hata hiyo kona si yangu tena. Wallahi ingekuwa yangu ningekupa."

Ninamwamini. Kama kungekuwa na mtu mmoja wa kumkasirikia, labda ningelala vizuri zaidi. Nimetafuta sana mtu huyo, na kila ninayemfikia namkuta naye anatafuta kodi.

Mtoto wa marehemu ndugu yangu kule Kondoa, ambaye nimemwona mara mbili, amesema nije. Ana chumba cha mazao ambacho atakisafisha. Nimemwambia Mungu amlipe. Rafiki zangu wa kule wote wameshatangulia, na makaburi ya wazazi wangu, ananiambia, yamepitiwa na shamba.

Mwenye nyumba alinisindikiza mpaka mlangoni siku ile, halafu akasimama akikuna shingo. Alikuwa na ombi. Mafundi wangeanza msingi Jumatatu, mara tu nyumba ikishabomolewa, na hapa kwetu hakuna anayemwaga zege kabla ya kuchinja na kusoma dua. Maalim kijana alikuwa tayari kusoma. "Lakini baba asingekubali mwingine asome kwenye ploti yake ukiwa bado uko Isiolo," alisema.

Nilisoma. Mabati yangu yalikuwa yamepangwa kando, pipa la buluu juu yake, na pale nilipokuwa nikiswalia palikuwa na shimo linalofika kiunoni. Mbuzi alichinjwa, damu ikaingia mtaroni. Niliomba jengo lisimame, liwe na baraka, wenye kulala ndani yake walale kwa amani na waweze kodi yake. Mafundi waliitikia amina kwa sauti kubwa, hasa hapo mwisho, na mmoja akacheka. Nikaomba na kwa ajili ya mzee aliyeweka mawe manne. Nilijitahidi nisijiombee mimi, lakini sikuweza.

Walipokuwa wakigawa nyama, mwenye nyumba alinivuta kando akanitia bahasha mkononi. Katika miaka yote hii nimesoma dua za misingi, za visima, za harusi na za wagonjwa, na bahasha zote nimezirudisha. Kila mtu mjini anajua hivyo. Alijua na yeye. Niliona mkono wake umeshajiandaa kuipokea tena.

Nikaifumbata. Ilikuwa nauli, na mimi sikuwa na nauli.

Aliinama akaubusu mkono wangu, halafu akaondoka haraka kwenda kuwasimamia mafundi. Gari langu ni Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa haitanikuta. Jana nilikwenda makaburini kumweleza mke wangu. Nilikaa mpaka jua likapanda, nikasoma ninayoyasoma siku zote, na nilipomaliza nikamwambia kwamba lile swali lake la mchele bado sijapata jibu.